Kutoka ‘Peptidi ya Kuzuia’ hadi ‘Peptidi Shindani’: Uhakiki wa Istilahi za Utafiti wa Kingamwili za Protini za Misuli kwa Mtazamo wa Nhica do Rovuma

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna Kiswahili kinavyotaja vifaa viwili vya utafiti wa protini za misuli: kingamwili, na peptidi ya kutengenezwa maabara inayotumika kuijaribu kingamwili hiyo. Hoja kuu ni kwamba tafsiri iliyo rahisi zaidi kwa kifaa cha pili, yaani ‘peptidi ya kuzuia’, inakiweka katika familia ya maneno ya tiba na chanjo, ilhali kifaa chenyewe hakitibu wala hakikingi. Tafsiri mbadala, ‘peptidi ya kuhakiki’, nayo ina kasoro: inaahidi uthibitisho ambao jaribio haliwezi kuutoa. Kwa kutumia mfano wa mayosini na ugonjwa wa makovu ya moyo nchini Msumbiji, makala yanapendekeza istilahi ‘peptidi shindani’. Aidha, yanaonesha kwa nini uchaguzi huu unawahusu washauri wa sera katika bonde la Ruvuma, ambako taarifa ya afya huvuka lugha kadhaa kabla ya kumfikia mtu ambaye damu yake inaombwa.

1.0 Utangulizi

Nhica do Rovuma imo katika wilaya ya Palma, kaskazini kabisa mwa jimbo la Cabo Delgado, upande wa Msumbiji wa mto unaoitenganisha nchi hiyo na mkoa wa Mtwara. Serikali huko hutumia Kireno. Kimakwe, ambacho sarufi yake iliandikwa na Maud Devos na kuchapishwa mwaka 2008, ni lugha ya wilaya hiyo ya Palma; Kimwani kinatanda kusini zaidi katika mwambao; Kimakonde kinasikika pande zote mbili za mto. Kiswahili ni lugha ya biashara, ya safari na ya ujamaa unaovuka mpaka. Tangu Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi mwezi Agosti 2019, Msumbiji na Tanzania zina lugha rasmi ya pamoja ya kikanda ambayo wakazi wa bonde hilo walikuwa wakiitumia tayari.

Kwa hiyo swali la istilahi za sayansi ya tiba katika Kiswahili haliishii Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi. Istilahi inayotungwa au kupitishwa huko inaweza kusomwa kwa sauti kesho katika kijiji cha Ruvuma, mbele ya mtu ambaye hana kamusi wala sababu ya kumwamini msomaji. Kigezo cha uhakiki huu ni hicho: je, istilahi inaeleza kinachotendeka, au inaahidi kisichokuwapo?

Ikumbukwe kuwa lugha za eneo hili si wapokeaji tu wa istilahi za kitabibu. Homa iliyochunguzwa na Marion Robinson na W.H.R. Lumsden baada ya mlipuko wa mwaka 1952 katika nyanda za Wamakonde, wilayani Newala, inajulikana duniani kote kwa jina la chikungunya, neno la Kimakonde linaloeleza mwili unavyopinda kwa maumivu. Jina hilo lilifaulu kwa sababu lilitaja kile ambacho kila mtu alikiona. Ndicho kipimo kinachofaa kutumiwa hapa.

2.0 Kifaa na Kazi Yake

Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino. Mwaka 1963 Bruce Merrifield alieleza njia ya kuunga asidi amino moja baada ya nyingine juu ya chembe ngumu, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1984. Tangu hapo maabara zimeweza kutengeneza kipande chochote kifupi cha protini bila kuigusa protini yenyewe.

Mtafiti anayetaka kuiona protini fulani ya msuli huchagua kipande chake, kwa kawaida chenye asidi amino 10 hadi 20, hukifunga kwenye protini kubwa ya kukibeba, kisha humchanja mnyama, mara nyingi sungura. Mwili wa sungura hutengeneza kingamwili dhidi ya kipande hicho. Kingamwili hizo huvunwa na kutumiwa kama kitambuzi: protini za msuli hutenganishwa kwa umeme ndani ya jeli kwa kufuata ukubwa, huhamishiwa kwenye utando, na kingamwili humwagwa juu yake. Inaponasa, mstari huonekana. Tatizo ni kwamba mstari ukionekana haujulishi peke yake kilichonaswa. Huenda ni protini inayotafutwa. Huenda ni nyingine inayofanana nayo kidogo.

Hapo ndipo peptidi inapoingia. Kipande kilekile kilichotumiwa kumchanja sungura huchanganywa kwa wingi na kingamwili kabla ya kumwagwa kwenye utando. Jaribio hufanywa kwa jozi: upande mmoja kingamwili yenye peptidi, upande mwingine kingamwili isiyo na peptidi. Mstari unaotoweka pale penye peptidi ulitokana na mahali pa kunasia pa kingamwili. Mstari unaobaki umetokana na jambo jingine, na hauna budi kutiliwa shaka.

Mfano wa mtumbwi wa kuvukia mto unatosha kulieleza hili. Kingamwili ya aina ya kawaida ina mahali pawili pa kunasia, mithili ya mtumbwi wenye nafasi mbili za abiria. Mtumbwi ukijaa kabla ya kufika gatini, anayesubiri ukingoni habebwi. Kubaki kwake kunaonesha kwamba alikuwa akizitegemea nafasi hizo. Lakini hakuoneshi yeye ni nani. Mtu mwingine yeyote mwenye kuzihitaji nafasi hizohizo angebaki vilevile.

Udhaifu huo si wa nadharia tu. Distrofini, protini ya msuli iliyotambuliwa mwaka 1987 na ambayo kukosekana kwake husababisha ugonjwa wa Duchenne wa kudhoofika misuli, ina ndugu yake aitwaye utrofini. Zinafanana katika sehemu kadhaa. Kingamwili inayonasa sehemu ya pamoja itaonesha mstari au rangi hata kwa mtoto asiye na distrofini, na peptidi iliyotolewa sehemu hiyohiyo itaufuta mstari huo kwa utiifu kamili. Jaribio litakuwa limefaulu huku jibu likiwa la uongo. Ndiyo maana mwaka 2016 Mathias Uhlén na wenzake, walipopendekeza katika jarida la Nature Methods njia tano za kuithibitisha kingamwili, hawakuiweka peptidi hii miongoni mwake. Walitaja kuondoa au kunyamazisha jeni ya protini, kulinganisha na kipimo kisichotumia kingamwili, kutumia kingamwili nyingine inayojitegemea, kuitia protini alama, na kuinasa protini kisha kuitambua kwa spektrometa ya masi.

3.0 Uhakiki wa Istilahi

3.1 Kingamwili

Neno hili limekwishakubalika, na si kusudi la makala haya kuling’oa. Limeundwa vizuri: kinga na mwili, yaani kinachoukinga mwili. Hata hivyo linabeba sifa ambayo kitu chenyewe hakina kila mara. Jamii za Afrika Mashariki zilikutana na mgongano huo katika upimaji wa VVU. Kipimo cha kingamwili kinapoonesha kuwa zipo, maana yake ni kwamba mtu ameambukizwa. Hakimaanishi kwamba amekingwa. Kwa mtoto aliye chini ya miezi 18, kingamwili hizo huweza kuwa za mama yake, hivyo hazithibitishi hata maambukizi. Neno linasema ‘kinga’, kipimo kinasema vingine.

Katika utafiti wa misuli mgongano unazidi. Kingamwili iliyotolewa kwa sungura na kuhifadhiwa kwenye friji haimkingi mtu yeyote. Na kingamwili iliyomo katika damu ya mgonjwa ikiwa imeelekea mayosini ya moyo wake, basi inamwelekea mwenyewe. Tofauti kati ya aina hizi mbili haimo ndani ya neno. Ni lazima iongezwe na mwandishi. Maandishi yanayotumia ‘kingamwili’ kwa zote mbili katika aya moja bila kubainisha yanamwacha msomaji akidhani kwamba kilichokuwa maabara na kilichomo mwilini ni kitu kimoja.

3.2 Peptidi ya kuzuia

Tafsiri hii ni ya kwanza kumjia mtafsiri, kwa kuwa inafuata neno la lugha ya asili ya istilahi. Ubaya wake ni majirani zake. Katika lugha ya afya, ‘kuzuia’ kumekwisha kuoana na ugonjwa: kuzuia malaria, kuzuia kipindupindu, kuzuia maambukizi. Neno hilo likiwekwa karibu na ‘kingamwili’ na ‘misuli’, msikilizaji anapokea sentensi yenye sura ya chanjo. ‘Peptidi ya kuzuia kingamwili za misuli’ inaweza kusikika kuwa dawa ya kuzuia ugonjwa wa misuli, au, kwa mwenye hofu, sindano ya kuizuia kinga ya mwili. Maana zote mbili zinatokana na kanuni za kawaida za Kiswahili, msikilizaji hajakosea. Aliyekosea ni aliyeichagua istilahi.

Neno ‘misuli’ lenyewe linaongeza ugumu. Katika mwambao, msuli ni pia nguo ya mwanamume ya kujifunga kiunoni. Zaidi ya hapo, katika mazungumzo ya kila siku misuli ni ya mikono na miguu, nayo ‘mishipa’ hutajwa kwa njia za damu, neva na hata ngiri. Moyo huwa peke yake: ndiko yaliko mapenzi, hofu na ujasiri. Maelezo ya utafiti wa mayosini ya moyo yasiyoanza kwa kusema wazi kwamba moyo umejengwa kwa nyama inayojikunja na kujinyoosha yataeleweka kuwa ni utafiti wa miguu.

3.3 Peptidi ya kuhakiki

Tafsiri hii inaondoa hatari ya chanjo, kwa sababu inalitaja lengo la mtafiti. Inavutia pia kwa kuwa ‘uhakiki’ katika Kiswahili hujumlisha kupima na kutoa hukumu. Lakini ndipo ilipo kasoro yake. Kama ilivyooneshwa kwa distrofini na utrofini, peptidi haihakiki utambulisho wa protini. Inaonesha tu kwamba kingamwili hunasa peptidi, na kwamba kinachoonekana kwenye utando kinategemea mahali palepale pa kunasia. Istilahi itakayoiita ‘ya kuhakiki’ itawafundisha wanafunzi na wajumbe wa kamati za maadili kwamba jaribio likishafanywa hakuna la ziada la kuuliza.

3.4 Peptidi shindani

Kinachotendeka hasa ni ushindani. Peptidi na protini ya kwenye utando zinagombea mahali pamoja pa kunasia, na peptidi hushinda kwa wingi wake na kwa kutangulia. ‘Peptidi shindani’ inalitaja tendo hilo bila kuongeza ahadi. Haisemi kwamba mtu atakingwa, wala kwamba ukweli umethibitishwa. Jaribio lake linaweza kuitwa ‘jaribio la ushindani’, na matokeo yake yakaelezwa kwa kitenzi kilichopo: mstari umeshindwa, au haukushindwa. Ushindani ni dhana ambayo haihitaji shule. Upo mchezoni, sokoni na kwenye uchaguzi.

4.0 Mayosini na Somo la Inharrime

Uzito wa tofauti hizi unaonekana katika ugonjwa unaoihusu Msumbiji kwa namna ya pekee. Endomayokadia faibrosisi ni ugonjwa ambao utando wa ndani wa moyo huota makovu, vyumba vya moyo vikapungua na kushindwa kujaa. J.N.P. Davies aliueleza nchini Uganda mwaka 1948. Miaka 60 baadaye, Ana Olga Mocumbi na wenzake walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine uchunguzi wa watu 1,063 wa Inharrime, jimboni Inhambane, waliopimwa mioyo kwa mawimbi ya sauti. Asilimia 19.8 walikuwa na dalili za ugonjwa huo katika picha, na kiwango kilikuwa cha juu zaidi, asilimia 28.1, kwa wenye umri wa miaka 10 hadi 19. Wengi wao hawakuwa wakijihisi wagonjwa.

Chanzo cha ugonjwa kimeendelea kubishaniwa. Vimetajwa minyoo na vimelea vinavyoongeza chembe nyeupe za aina ya eosinofili, lishe duni, muhogo, madini ya udongo na urithi. Mwaka 2010 Mocumbi, Najma Latif na Magdi Yacoub waliripoti kuwapo kwa kingamwili dhidi ya mayosini katika damu ya wagonjwa. Ripoti hiyo ilifungua mlango wa dhana ya mwili kujishambulia. Ni mchango mkubwa, hasa kwa kuwa ulitokana na wagonjwa wa nchi yenyewe na uliongozwa na daktari wa nchi hiyo.

Uhakiki unahitajika katika namna matokeo ya aina hii yanavyosimuliwa yakishatoka jaridani. ‘Kuwapo’ si ‘kusababisha’. Moyo uliojeruhiwa kwa sababu nyingine humwaga protini zake kwenye damu, na mwili unaweza kutengeneza kingamwili baada ya jeraha. Kiswahili kinaweza kuishika tofauti hii bila taabu: kingamwili zimekutwa kwa wagonjwa, haijasemwa kuwa ndizo zilizowagonjesha. Lakini muhtasari ukiandikwa ‘kingamwili za ugonjwa wa moyo’, kiunganishi -a kinaimeza tofauti yote: ni za ugonjwa kwa kuuleta, kwa kuletwa nao, au kwa kuukinga?

Peptidi shindani nayo isitarajiwe kutoa jibu ambalo haina. Mnyororo mzito wa mayosini ya aina ya beta ya moyo wa binadamu una asidi amino 1,935. Peptidi ya asidi amino 15 haifiki hata sehemu moja ya mia ya urefu huo. Kwa kingamwili ya sungura iliyoandaliwa dhidi ya kipande hicho, inatosha kwa jaribio. Kwa damu ya mgonjwa haitoshi: kingamwili zake huweza kunasa sehemu nyingi za mayosini, zikiwemo sehemu zinazojitokeza tu protini inapokuwa imejikunja katika umbo lake la asili. Peptidi moja ikishindwa kuufuta mstari wa mgonjwa, haimaanishi kwamba mgonjwa hana kingamwili dhidi ya mayosini. Vilevile, mayosini za aina ya alfa na beta zinafanana mno, kwa kiwango cha takriban asilimia 93, hivyo peptidi iliyotolewa sehemu ya pamoja haiwezi kuzitenganisha. Mtu aliyefundishwa istilahi ya ‘kuhakiki’ ataikosa mipaka hii. Aliyefundishwa ‘shindani’ atauliza mara moja: inashindana na nini, na mahali gani?

5.0 Gharama ya Neno Kaskazini mwa Msumbiji

Inharrime iko zaidi ya kilomita 1,500 kusini mwa Nhica do Rovuma. Takwimu za wilaya moja haziwezi kuhamishiwa nyingine, na anayetaka kujua hali ya moyo katika bonde la Ruvuma atalazimika kwenda kupima huko na kuomba damu huko. Ombi hilo litafanywa kwa maneno, katika eneo ambalo maneno ya afya yamewahi kugharimu maisha.

Mwanasosholojia Carlos Serra, katika kitabu chake Cólera e Catarse cha mwaka 2003, alichunguza ghasia zilizowakumba wahudumu wa afya kaskazini mwa Msumbiji. Dawa ya kusafishia maji, ambayo Kireno huiita cloro, ilishukiwa kuwa ndiyo cólera, yaani kipindupindu chenyewe. Serra hakulichukulia jambo hilo kuwa ujinga wa kutojua maneno tu. Alilisoma kama usemi wa watu wasioiamini dola. Somo lake ni kwamba mfanano wa maneno hauzai hofu peke yake, ila huipa hofu mahali pa kushika. Tarehe 7 Aprili 2024, karibu watu 100 walikufa maji baada ya chombo kilichojaa kupita kiasi kuzama kikitoka Lunga, jimboni Nampula, kuelekea Kisiwa cha Msumbiji. Wakuu wa jimbo walieleza kwamba wengi walikuwa wakikimbia uvumi juu ya kipindupindu.

Kiswahili kina bahati katika mfano wa kwanza, kwani klorini na kipindupindu havifanani. Lakini kina mtego wake chenyewe, na mtego huo umejengwa kwa maneno ‘kinga’ na ‘zuia’. Wilaya ya Palma, ambayo mji wake mkuu ulishambuliwa tarehe 24 Machi 2021 na watu wake kutawanyika, si mahali pa kuujaribu mtego huo. Mkazi wa Nhica do Rovuma anayeombwa damu ana haki ya kujua kwamba hatapewa kinga, kwamba hakuna kitakachozuiwa mwilini mwake, na kwamba damu yake itatumika kujifunza jambo ambalo huenda lisimfae yeye mwenyewe.

6.0 Pingamizi

Inaweza kudaiwa kwamba mshiriki wa utafiti hahitaji kusikia habari za peptidi, kwa kuwa hiyo ni kazi ya maabara. Hoja hii ina ukweli. Fomu ya ridhaa haipaswi kuwa somo la biokemia. Hata hivyo istilahi haibaki ilikowekwa. Hupita kutoka pendekezo la utafiti kwenda muhtasari wa kamati ya maadili, kutoka hapo kwenda kwa mratibu wa wilaya, kwa mkalimani, na hatimaye kwa redio ya jamii. Mkalimani anayetafsiri kutoka Kireno au Kiswahili kwenda Kimakwe hatafsiri nia ya mtafiti. Anatafsiri neno alilopewa.

Inaweza pia kudaiwa kuwa istilahi iliyokwisha kuzoeleka isibadilishwe. Kwa ‘kingamwili’ hoja hiyo inakubalika, na ndiyo sababu makala haya yanapendekeza kulibainisha tu. Kwa peptidi, mazoea bado ni machanga, na gharama ya kusahihisha leo ni ndogo kuliko itakavyokuwa kamusi zikishachapwa.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uhakiki huu umeonesha kwamba kosa la istilahi katika utafiti wa kingamwili lina sura mbili. Kwa msikilizaji wa kijijini, ‘kuzuia’ huahidi tiba. Kwa msomaji wa kitaaluma, ‘kuhakiki’ huahidi uthibitisho. Makosa yote mawili huchukua chombo chenye manufaa ya kiasi na kukipa mamlaka kisiyo nayo.

Mambo manne yanapendekezwa. Kwanza, mabaraza ya Kiswahili na waandaaji wa kamusi za sayansi watumie ‘peptidi shindani’ na ‘jaribio la ushindani’. Pili, waandishi wabainishe kila mara kati ya kingamwili ya maabara na kingamwili iliyokutwa kwa mgonjwa, na waepuke kiunganishi -a pale uhusiano wa chanzo na matokeo haujathibitishwa. Tatu, kamati za maadili za pande zote mbili za mto, yaani Comité Nacional de Bioética para a Saúde ya Msumbiji na kamati ya kitaifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ya Tanzania, zidai muhtasari wa Kiswahili unaotaja kila jaribio linaweza kuonesha nini na haliwezi kuonesha nini. Nne, muhtasari huo utafsiriwe kwa Kimakwe, Kimwani au Kimakonde kulingana na mahali, kisha urudishwe kwa Kiswahili na mtu mwingine ambaye hakuuona ule wa kwanza. Neno ‘kinga’ au ‘dawa’ likijitokeza katika tafsiri hiyo ya kurudi mahali ambapo halikuwapo, fomu haijawa tayari, na damu isichukuliwe.